Dakika Arobaini na Saba za Kelele

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Binamu yangu karudi kutoka kazini na earphone mpya zisizo na waya. Nyeupe, kama meno ya bandia. Anauza simu dukani, kwa hiyo anajiona profesa. Nyumbani tunamwita Chaji, kwa sababu hajawahi kuonekana mbali na soketi. Yeye ananiita Waya. Leo kasema mbele ya shangazi, mama yake, kwamba dunia nzima imeshakata nyaya, mimi peke yangu nimebaki nimening'inia kama nguo kambani.

Nilikuwa natafuna.

Majibu yangu ni haya, nayaandika yasipotee. Simu si chombo cha muziki. Simu ni chombo cha kusumbuliwa. Unasikiliza, gitaa linaanza kupanda, mara mtu anakutumia picha ya paka wa jirani yake. Mshika mawili moja humponyoka, na simu imeshika mia! MP3 imeshika moja tu. Ina vitufe vya kweli. Unaruka wimbo mkono ukiwa mfukoni na macho barabarani. Betri inakaa siku tatu. Simu ya Chaji saa sita mchana iko hoi. Na bluetooth, tusidanganyane: sauti inaminywa ipite hewani kama mtu mnene anayepita dirishani. Kufika inafika, lakini imechubuka.

Ninazo MP3 saba. Nimejifundisha mwenyewe kuzifungua, kuzisafisha na kuzifunga tena. Tano zinawaka. Bora kuliko zote ni ile ya chuma. Naiita Mzee.

Mpango. Jumapili mchana sote watatu tuko nyumbani. Simu kwa MP3, wimbo mmoja, shangazi mwamuzi. Shangazi ni fundi cherehani, chumba cha mbele ndicho karakana yake, na neno lake humu ndani halina rufaa. Tena mwenyewe ana MP3! Ndogo, ya bluu, anaitundika shingoni kila siku akianza kushona. Hamwazimi mtu. Nikiifanya ilie vizuri kuliko ilivyowahi kulia, nimeshinda kabla kesi haijaanza.

Sijamwambia. Mambo mazuri ni ya kushtukiza.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Shangazi katoka saa nne kununua zipu na uzi. MP3 ya bluu kaisahau juu ya meza ya kukatia. Haijawahi kutokea! Nikaona ni bahati imenifuata yenyewe.

Nimesikiliza. Nimeshtuka. Kuna faili moja tu, dakika arobaini na saba, na wimbo hamna. Kwaruu, kwaruu. Kimya. Ko ko ko. Mtu anakohoa. Kitu kinaanguka. Mtu ananung'unika, anacheka kidogo, anaimba puani mistari miwili, anaacha, kwaruu tena. Masikini shangazi! Miaka yote hiyo anasikiliza wimbo ulioharibika na hakuna aliyemwambia. Na mimi naishi hapa mwaka wa pili, mtaalamu mzima, sikujua.

Kazi ikaanza. Kwenye kompyuta nina programu ya kusafisha sauti. Unaionyesha kelele, unaiambia hii hapa, nayo inaitafuta kila ilipojificha na kuifuta. Nikaionyesha mkwaruzo. Ukaondoka. Nikaionyesha ko ko ko. Ikaondoka. Kikohozi kilinisumbua, kila kimoja kina sura yake. Nikakifuata kimoja kimoja, vyote kumi na vinne, na kicheko juu yake. Akabaki yule wa puani. Programu yenyewe ikasema ni mvumo. Mimi nani nibishane nayo?

Matokeo: dakika arobaini na saba za kimya. Lakini kimya gani! Hakina hata unyoya. Tangu nizaliwe sijasafisha kitu kikatakata namna hii.

Kumbe wimbo haukuwepo. Au ulikuwepo ukafa zamani. Basi, nimefuta faili, nafasi ya MP3 ile ni ndogo, nikaijaza nyimbo kumi na moja nilizochagua mwenyewe, sauti daraja la juu. Nakala ya ile ya zamani sikubakiza. Nani anaweka akiba ya takataka?

Shangazi aliporudi nilikuwa nafagia ili nisishukiwe. Kanishuku kwa sababu ya kufagia.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Humu ndani saa tunaisoma kwa cherehani. Ikianza, ni saa mbili. Ikisimama, ni mteja au chai. Leo imeanza saa mbili, ikaenda nusu dakika, ikasimama. Mteja hamna. Chai hamna.

Nilikuwa mlangoni tayari, uso wa unyenyekevu nimeshauandaa. Shangazi katoa earphone masikioni, kaibonyeza MP3 mbele, nyuma, mbele. Kauliza nani kaigusa. Nikasema ni mimi, na wala asinishukuru, ni wajibu.

Akaniuliza mume wake yuko wapi.

Nikadhani ni joto. Mume wake alifariki miaka minne iliyopita, mimi nilimwona mara mbili tu, nikiwa mdogo. Nikaanza kumkumbusha kwa upole. Chaji akatokea na mswaki mdomoni. Akaelewa kabla yangu. Akautoa mswaki. Ndipo nikaelezwa.

Marehemu alikuwa seremala. Siku moja alikuwa anamtengenezea shangazi meza, hiyohiyo ya kukatia, MP3 imo mfukoni mwa shati. Akaegemea ubao, kitufe cha kurekodi kikabonyea. Hakujua. Ikarekodi mpaka betri ikaisha. Hakuna video yake. Hakuna ujumbe wa sauti, simu alikuwa hazipendi (mtu wa maana sana). Sauti yake yote iliyobaki duniani ni ile: anaranda, anagonga, anakohoa, anaimba puani. Shangazi ameshona nayo miaka minne.

Nikauliza kama angalau nyimbo nilizoweka kazipenda. Sijui kwa nini niliuliza. Mdomo uliponyoka.

Hakunifokea. Hilo ndilo baya. Kasema tu, "Sawa, baba," akaivua MP3 shingoni, akaiweka kwenye droo ya vifungo. Chaji kanitazama kama simu iliyoanguka chooni.

Mchana kutwa cherehani haikulia. Gauni la mteja limelala mezani na mkono mmoja.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Dawa ipo! Kuna programu za kufufua mafaili yaliyofutwa. Safari hii nimeomba ruhusa. Shangazi kapunga mkono tu, maana yake chukua, kuna nini tena cha kuharibu.

Programu imesaga kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Ikafufua mafaili mia mbili na kumi na mawili! Nikapiga ukelele. Nikasikia kiti kinasogezwa chumba cha mbele. Shangazi kaja hadi mlangoni na tepu ya kupimia shingoni, kasimama.

Nikafungua la kwanza. Kipande cha wimbo wangu. La pili, kipande kingine. Nikafungua arobaini mbele yake. Yote ni nyimbo zangu, na kimya changu. Kumbe ukiweka kitu kipya, kinalala juu ya cha zamani na kukiponda. Marehemu nimemfukia mwenyewe, kwa muziki wa daraja la juu.

Nikamwambia bado. Kasema haya, karudi kukaa.

Chaji karudi jioni na mhadhara. Eti faili lingekuwa kwenye simu, simu ingejiwekea nakala yenyewe, haingojei mjinga akumbuke. Nikamwambia lingekuwa kwenye simu, mwizi angeondoka nalo zamani. Kasema mwizi angalau angeliuza, lisingekufa. Jibu lipo. Nitalitafuta.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeamka na akili mpya. Kinachotakiwa ni nini? Seremala anayeranda dakika arobaini na saba. Maseremala wameisha duniani?

Nikaenda kwa yule wa karibu na kituo cha mafuta. Nikamwambia nataka aniraindie... nimeandika vibaya, mkono unauma, sababu inakuja. Nikamwambia nataka anirandie ubao, taratibu, kwa randa ya mkono, nirekodi. Kauliza ubao gani. Nikasema wowote. Kanitazama kwa huruma. Kisha kasema yeye anatumia randa ya umeme, ile ya mkono anazuilia mlango usijifunge. Nikasema basi tuuachie mlango ujifunge.

Kacheka, kanipa ubao na randa, kasema karibu uwanjani kijana, mimi nina vitanda viwili vinanisubiri.

Kwa hiyo nimeranda mwenyewe. Mzee mfukoni mwa shati anarekodi, kama ilivyokuwa, napenda usahihi. Dakika ya sita malengelenge. Nimekohoa mara kumi na nne, nikihesabu kwa vidole. Wimbo wa puani siufahamu, nikaimba puani kwa jumla. Mteja mmoja kamuuliza seremala huyu mgonjwa wa nani. Seremala kajibu kwamba mimi si mgonjwa, narekodi. Mteja kasogeza kiti chake.

Nilipomaliza, ubao umebaki mwembamba kama rula. Seremala kasema nende nao nyumbani nikorogee chai.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimemwamkia shangazi kwa heshima zote, nikamwambia programu imempata mume wake hatimaye. Uongo, najua. Wa kutibu.

Kajifuta chaki mikononi. Kavaa earphone polepole. Cherehani ikaanza! Mishono mitatu, minne. Ikasimama.

Kasema huyu mtu anaranda kinyume cha nyuzi za mbao, mume wake angemnyang'anya randa na kumfukuza. Kasema hiki kikohozi ni chako wewe mtoto, nimelala nacho ukuta kwa ukuta majira yote ya baridi. Kasikiliza kidogo tena. Kauliza, "Na hapa unaimba au umebanwa na mlango?"

Nikasubiri kofi. Akaanza kucheka. Kacheka mpaka kashikilia cherehani. Halafu kicheko kikageuka kikawa kile kingine, mimi nikatazama sakafu, kuna pini nyingi sana kwenye ile sakafu.

Akaniambia nikae kwenye kigoda cha wateja. Akanisimulia dakika zote arobaini na saba, kwa moyo, kama mtu anayeelekeza njia ya kwao. Anaanza na ubao mrefu, sauti nzito. Halafu ubao mfupi, sauti inapanda. Anaangusha msumari, anasema lo. Dakika ya ishirini anapoteza penseli. Anaitafuta. Anahamisha makopo, anahamisha mbao, anamlaumu paka. Penseli iko sikioni mwake. Anaigusa, anacheka peke yake, kicheko kifupi, ndipo anapoanza kuimba puani. Shangazi kasema kila siku anaingoja penseli. Kila siku anamwambia, sikioni, mume wangu, iko sikioni, na kila siku hasikii.

Kicheko kile nakikumbuka. Nilikionyesha programu. Nilisema hii kelele.

Chaji alikuwa mlangoni. Akasema, "Penseli!" akakimbilia chumbani. Tukasikia masanduku yanaburutwa. Kumbe zamani, siku za mwanzo za msiba, alirekodi kile kipande cha penseli kwa simu yake ya kwanza, kaibana tu kwenye earphone, ili akasikilize shuleni. Karudi nayo. Skrini ina ufa, betri imevimba kama andazi. Haiwaki.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mashindano. Hakuna aliyeyataja.

Chaji kapiga simu dukani kwao kuulizia betri ya namna ile. Wamemcheka. Kapiga duka la pili, wamemwambia ajaribu makumbusho. Kakaa kitako kitandani, simu mapajani, mara ya kwanza namwona mbali na soketi.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Betri ya MP3 inaweza kuiwasha simu, umeme wao unalingana. Si kwa muda mrefu, dakika chache. Lakini iwe betri yenye nguvu. Katika MP3 zangu yenye nguvu ni moja. Mzee. Na Mzee kagundishwa kwa gundi kiwandani, ukimfungua mgongo harudi tena.

Nikazunguka nyumba mara mbili. Nikarudi. Nikamfungua.

Nimeshika nyaya mbili kwa vidole, nazibana pale panapokaa betri ya simu. Chaji kashika simu. Shangazi kasimama nyuma yetu, namsikia anavyopumua. Ikawaka! Chaji kaniambia nisitikisike, nisipumue, nisiwe na maoni. Kaikuta sauti. Kilichobaki kuipeleka kwenye simu yake mpya. Kwa bluetooth!

Mimi, kwa mdomo wangu, nimeiomba bluetooth iende. Nimeibembeleza. Asilimia arobaini. Sabini. Skrini ikaanza kufifia. Nikazibana nyaya mpaka damu ikakimbia vidoleni. Tisini. Tisini na sita. Ikazima kabla hatujaona mia.

Chaji kaangalia simu yake mpya. Imefika.

Dakika nne na sekunde kumi na moja. Sauti ni mbaya, kama mtu anafanya kazi ndani ya ndoo. Niandikiwe hapa kwamba sikusema. Makopo yakahama. Paka akalaumiwa. Shangazi kasema, "Sikioni, mume wangu." Marehemu akacheka, na shangazi kacheka naye, pamoja, hakuna aliyemtangulia mwenziwe.

Halafu shangazi akaomba awekewe kwenye MP3 yake ya bluu. Simu haitaki. Ana chaki vidoleni, skrini haimsikii, na tena simu italia katikati ya penseli.

Ahaa! Mwamuzi kasema! Nikawaeleza papo hapo kwamba MP3 imeshinda, na si mara moja, mara mbili, maana bila betri ya Mzee ile simu ni jiwe tu. Chaji kaniambia nitoke nje. Nimeandika haya nikiwa nje.

Chaji ndiye kaiweka, pamoja na nakala tatu sehemu tatu. Mimi nimepigwa marufuku kuigusa. Nikauliza hata kuipangusa vumbi? Shangazi kasema hata vumbi.

Nne kutoka arobaini na saba. Hesabu hiyo naijua, sihitaji kuambiwa.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Cherehani inaanza saa mbili kama zamani. Ila sasa inasimama kila baada ya dakika nne, kidogo tu, shangazi anabonyeza irudi mwanzo, inaendelea. Nimeanza kuzoea. Gauni limepata mkono wa pili.

Mwenye gauni kaja kulichukua leo, nesi mstaafu, mpole sana. Kamwona shangazi ana furaha, kauliza kulikoni. Shangazi kaninyooshea kidole, kamwambia sauti ya mume wake ilipotea, na huyu kijana wangu ndiye kanirudishia. Aliyeipoteza hakumtaja. Chaji kakohoa. Mimi nikaangalia dari.

Nesi kaondoka, baada ya saa moja karudi na kaseti imefungwa kwenye leso. Humo mama yake, marehemu, yuko uani kwao jioni anaita kuku waingie bandani. Sauti nyingine ya mama yake hana. Kasema hata redio ya kaseti hana tena, miaka mingi hajaisikia. Anaomba nimhamishie kwenye MP3 ndogo aisikilize akiwa amekaa. Kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kaniita mwanangu.

Nimekubali kabla hajamaliza. Mtu ana kipaji au hana.

Chaji kanifuata chumbani. Kasema kabla ya lolote tengeneza nakala, Waya, tafadhali, hata kwa simu yangu, hii hapa ina chaji. Tafadhali! Kutoka kwake! Nikamweleza taratibu kwamba kunakili kabla ya kusafisha ni kunakili uchafu. Kaenda kumwita mama yake. Nimefunga mlango.

Nimeisikiliza mara mbili kwa redio yangu kuukuu ya kaseti. Mama wa nesi ana sauti nzuri mno, imetulia, inastahili kazi. Tatizo ni kuku. Wamejaa mwanzo hadi mwisho, wanalia juu yake, wengine wako karibu kuliko yeye. Mtu anaita kuku, sawa, lakini kuku wenyewe wa nini? Nesi atalia kwa furaha.

Naanza na jogoo.